Mazungumzo ya Barazani: Ni Nani Aliyetangulia?



Jirani yangu mmoja, mzee wa makamo ya baba yangu, ana mjukuu anayesomea ufundi wa ndege mjini. Kila kijana huyo ajapo likizo, babu yake hupata habari mpya, na mimi hupata maswali. Juma lililopita mzee alikuja jioni, akaketi, akatoa ugoro wake, akaanza:

"Mwalimu, mjukuu wangu aniambia kuwa huko Marekani marubani waligombana zaidi ya miaka kumi kwa ajili ya orodha ya majina. Watu wazima, wenye kurusha eropleni angani, wagombee karatasi? Mimi sikuamini. Nikasema, nitamwuliza mwalimu."

Nikamjibu, "Mzee, amini. Karatasi ile ni zaidi ya shamba."

Tulizungumza hata kuku wakaingia kulala. Nimeona niwaandikieni na ninyi maneno yale, kwa kuwa wengi wenu mna watoto katika kazi za mshahara, na wengine wamo katika vyama vya wafanyakazi, na jambo hili la nani mkubwa na nani mdogo kazini huwaletea taabu hata hapa kwetu.

Kwanza tuelewane juu ya hiyo orodha. Rubani akiajiriwa na kampuni kubwa ya ndege Marekani, jina lake huandikwa mwisho wa orodha, chini ya wote waliomtangulia. Hapo hupewa namba. Wakubwa wakistaafu juu, yeye hupanda. Wapya wakiingia chini, hupata watu wa kumkinga. Huo ndio ukongwe wao kazini, nao hauhesabiwi kwa mvi wala kwa akili, huhesabiwa kwa namba ile tu.

Na namba hiyo yaamua karibu kila jambo. Ataendesha ndege kubwa ya kuvuka bahari au ndogo ya safari fupi? Atakaa kiti cha kapteni au kiti cha msaidizi? Atalala kwake Noeli au atalala hotelini mji wa mbali? Kazi ikipungua, kampuni haichagui wavivu ikawafukuza. Huanza mkiani mwa orodha ikapanda juu, na hao hupumzishwa bila mshahara mpaka kazi irudi.

"Lakini," akasema mzee, "kama nimechukizwa na kampuni hiyo, si nitahamia nyingine?"

Hapo ndipo penye uchungu. Fundi seremala akihama mji huchukua msumeno wake na ujuzi wake, akaanza pale alipoachia. Rubani hawezi. Hata awe ameruka miaka 20 na ni kapteni, akienda kampuni nyingine huandikwa mkiani, chini ya kijana aliyeingia jana, na mshahara wake ni wa mgeni. Basi rubani na kampuni yake ni kama mtu na mkewe. Akitoka, hatoki na kitu.

Nitawapa mfano mmoja. Tarehe 15 Januari 2009, ndege ya kampuni ya US Airways iliruka kutoka New York, ikagonga kundi la mabata bukini, injini zote mbili zikapoteza nguvu. Kapteni Chesley Sullenberger aliiteremsha juu ya maji ya mto Hudson, na watu wote 155 wakatoka salama. Dunia nzima ilimsifu, na kwa haki. Lakini yule msaidizi aliyeketi kuume kwake, Jeffrey Skiles, yeye naye alikwisha kuwa kapteni zamani. Kampuni ilipopunguza ndege na watu, namba yake haikutosha tena kukalia kiti kile, akarudishwa kiti cha pili. Hakukosa ujuzi wala hakufanya kosa. Orodha tu ilimsukuma chini.

Mtaniuliza, kwa nini wafanyakazi wanaupenda utaratibu mkali namna hii? Kwa sababu hauna upendeleo. Mpwa wa bwana mkubwa hawezi kurukishwa juu ya wengine. Rubani anayekataa kuruka katika hali mbaya ya hewa hawezi kunyimwa cheo kwa kuwa alimwudhi msimamizi. Mzee alipolisikia hili alitikisa kichwa akasema, "Hilo ni jema sana." Nami naliona ni jema. Taabu huja pale makampuni mawili yanapounganishwa kuwa moja, na orodha mbili zikalazimika kuwa moja.

Nikamwambia mzee, fikiri habari ya mashine ya kusaga. Kijiji kina mashine mbili, moja juu, moja bondeni. Akina mama wamepanga madebe yao ya mahindi. Mashine ya juu ni kongwe, ina foleni ndefu, na inakohoa tangu asubuhi. Wale wa mwisho katika foleni hiyo wamekwisha kuambiwa waketi kando, labda hawatasagiwa leo. Mashine ya bondeni ni mpya na foleni yake ni fupi, inakwenda. Mara mwenye mashine ya bondeni anainunua ile ya juu. Atangaza: foleni ni moja tangu sasa. Haya, nani asimame wapi?

Mama mmoja wa juu asema, "Mimi nimefika alfajiri, umande ulikuwa bado. Huyu wa bondeni amefika saa nne. Atanitanguliaje?" Mama wa bondeni ajibu, "Dada, ulifika alfajiri, kweli, lakini ulikuwa umeketi kando na mashine yenu inakufa. Mimi nilikuwa karibu na mlango, natia mkono nisagiwe. Mbona nirudishwe nyuma kwa kuwa mashine yenu imeharibika?"

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akacheka. "Mwalimu, wote wawili wana haki."

Naam, wote wawili wana haki, na ndiyo maana ugomvi huu ulikuwa mbaya.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. US Airways ilikuwa kampuni ya zamani ya upande wa mashariki wa Marekani, yenye vituo vikubwa Philadelphia na Charlotte. Iliingia katika kesi ya kufilisika mwaka 2002, ikatoka, ikaingia tena mwaka 2004. Mishahara ya marubani ilikatwa sana. Mfuko wao wa pensheni ulivunjwa mwaka 2003. Na marubani wapatao 1,700 walikuwa wamepumzishwa kazi, jina limo orodhani lakini ndege hakuna. America West ilikuwa ya upande wa magharibi, makao yake ni huko Arizona karibu na Phoenix, iliyoanza kuruka mwaka 1983. Haikuwa tajiri, lakini ilikuwa hai na ilikuwa ikiajiri. Mwezi wa Septemba 2005 ziliunganishwa. Jina lililobaki ni US Airways. Wakubwa waliotawala walitoka America West.

Marubani wa mashariki walikuwa kama 5,000 ukiwahesabu na wale waliopumzishwa. Wa magharibi walikuwa kama 1,900. Wote walikuwa katika chama kimoja, ALPA, nacho kilikuwa na kanuni yake ya kuunganisha orodha: mzungumze kwanza, mkishindwa, atafutwe wa kuwapatanisha, mkishindwa tena, mwamuzi aamue, na neno lake liwe la mwisho kwa pande zote mbili.

Wakashindwa, tena wakashindwa. Watu wa mashariki walisimama juu ya tarehe ya kuajiriwa: aliyeandikwa kwanza awe mbele, basi. Wa magharibi wakasema, kila mtu aangaliwe alileta nini siku ya ndoa, kiti gani, ndege gani, na matumaini gani.

Jambo lilipelekwa kwa mwamuzi George Nicolau, mtu mwenye uzoefu mkubwa wa kazi hiyo. Marubani wawili wa makampuni mengine walikaa naye. Mwezi wa Mei 2007 alitoa uamuzi. Marubani 517 wa mashariki waliwekwa juu kabisa, kwa kuwa wao walikuwa na ndege kubwa za kuvuka bahari ambazo wa magharibi hawakuwa nazo. Wale waliopumzishwa wakawekwa chini kabisa. Waliobaki wakachanganywa kwa uwiano, kila upande kwa zamu yake. Mmoja wa wale marubani wawili aliandika kuwa hakubali sehemu ya uamuzi huo, lakini uamuzi ukapita.

Sasa jiwekeni mahali pa mtu wa mashariki. Kampuni yake haikuwa imeajiri miaka mingi, kwa hiyo hata vijana wake walikuwa watu wazima. Mtu mwenye zaidi ya miaka 15 tangu kuandikwa alijikuta chini ya kijana wa magharibi aliyeandikwa juzi. Amekatwa mshahara, amepoteza pensheni, amepumzishwa, na sasa hata mahali pake katika foleni pamechukuliwa. Siwezi kumlaumu kwa kulia.

Lakini kulia ni jambo moja, na kuvunja neno ni jambo jingine. Pande zote mbili zilikubali kanuni kabla ya kujua nani atashinda. Hapa mzee aliniunga mkono kwa nguvu, kwa kuwa amekaa miaka mingi katika mabaraza ya kuamua mipaka ya viunga. Akasema, mtu akishindwa shauri ndipo huanza kuona kasoro za mwamuzi. Akishinda, mwamuzi ni malaika.

Watu wa mashariki walitazama wingi wao, wakapata njia. Chama kiko chini ya kura, nao ndio wengi. Wakaanzisha chama kipya, USAPA, na mwezi wa Aprili 2008 kura zikapigwa, ALPA ikatolewa, chama kipya kikaingia. Katiba ya chama hicho ilitaja shabaha yake: ukongwe kwa tarehe ya kuajiriwa. Kwa hiyo marubani wa magharibi waliamka asubuhi wakakuta msemaji wao mbele ya kampuni ni yule yule waliyeshindana naye. Ni kama shauri limekwisha kuamuliwa, kisha aliyeshindwa akachaguliwa kuwa jumbe.

Wakaenda mahakamani mjini Phoenix. Na hapa lazima nitoke njiani kidogo, kwa sababu sheria waliyoitegemea ina asili ambayo sisi Waafrika yafaa tuijue.

Makampuni ya reli na ya ndege Marekani yako chini ya sheria moja ya kazi iliyotungwa mwaka 1926 kwa ajili ya reli, ikaongezwa kwa ndege mwaka 1936. Sheria hiyo humpa chama kilichoshinda kura haki ya kuwasemea wafanyakazi wote wa kazi ile, wanaokitaka na wasiokitaka. Katika jimbo la Alabama alikuwako mtu mweusi jina lake Bester Steele, mtia makaa wa gari moshi katika reli ya Louisville and Nashville. Alikuwa mkongwe, na ukongwe wake ulimpa kazi nzuri katika treni za abiria. Chama kilichowasemea watia makaa kilikuwa cha wazungu tu. Weusi hawakupokelewa, lakini kilikuwa na haki ya kuwapatia mapatano, wapende wasipende. Mwaka 1941 chama hicho kilifanya mapatano na wenye reli ya kuwabana weusi. Steele akaondolewa mahali pake, mahali pakapewa weupe waliokuwa na ukongwe mdogo kuliko wake, naye akapata kazi ngumu zaidi kwa malipo madogo.

Steele hakunyamaza. Wakili wake, Charles Hamilton Houston, mweusi mwenzake, alilifikisha shauri hilo kwenye Mahakama Kuu ya nchi. Mwezi wa Desemba 1944 majaji walisema: chama kilichopewa na sheria uwezo wa kuwasemea wote kina wajibu wa kuwasemea wote kwa haki, hata wale ambao si wanachama wake, hata wale ambao ni wachache. Mtia makaa mmoja wa Alabama ndiye aliyewapa marubani, wengi wao weupe na wenye mshahara mnono, fimbo ya kuegemea miaka 60 baadaye. Nilipomweleza mzee habari hii aliniomba nirudie jina lile mara mbili, Steele, Steele, ili amwulize mjukuu kama amelisikia. Nina hakika kijana hajalisikia.

Turudi Phoenix. Mwezi wa Mei 2009 baraza la raia waliokaa kusikiliza kesi liliwapa haki watu wa magharibi. Shangwe haikudumu. Mwezi wa Juni 2010 mahakama ya rufani ilisema kesi imeletwa mapema mno: chama hakijafanya bado mapatano mapya na kampuni, na mpaka yafanywe hakuna ajuaye nani ataumia na kwa kiasi gani. Nendeni mkangoje.

Wakangoja, na wote waliumia kwa kungoja huko. Kampuni ilikuwa moja machoni pa abiria, rangi moja, tiketi moja, lakini marubani walibaki makundi mawili, kila moja likifanya kazi kwa mapatano yake ya zamani. Watu wa mashariki waliendelea na mishahara ya siku za kufilisika, ile ile iliyokatwa mwaka 2004. Mapatano mapya ya pamoja hayakuweza kufanywa, kwa sababu yakifanywa orodha nayo lazima itumike. Mtu alijizuia mkate ili jirani asipate siagi.

Wasidhani wasomaji kuwa lazima iwe hivyo. Mwaka 2008 Delta na Northwest ziliungana, nazo ni kubwa kuliko hizi. Marubani wao waliafikiana kwanza juu ya mapatano ya pamoja na mishahara. Kisha wakapeleka orodha kwa waamuzi. Muungano ulikamilika mwezi wa Oktoba, uamuzi ukatoka Desemba ya mwaka ule ule. Walikuwako walionung'unika, bila shaka. Wakanung'unika huku wakiruka na kulipwa.

Wala tusisahau wale walioumia kabla yao. Mwaka 2001 kampuni ya American iliinunua TWA. Wahudumu wa ndani ya ndege wa TWA, wengine wenye utumishi wa miaka mingi mno, wote waliwekwa mkiani mwa orodha ya American, na marubani wengi wa TWA kadhalika. Mwaka ule ule yakaja mashambulio ya tarehe 11 Septemba, kazi zikapungua, na wa mkiani ndio wakatwao kwanza. Kwa sababu ya kilio chao, maseneta wawili wa jimbo la Missouri, Claire McCaskill na Kit Bond, mmoja wa chama hiki na mmoja wa chama kile, waliileta sheria iliyopitishwa mwezi wa Desemba 2007. Yataka orodha ziunganishwe kwa haki na usawa, na wasipopatana mwamuzi aamue. Haisemi haki ni tarehe ya kuajiriwa au ni kiti ulichokalia. Hilo imewaachia waamuzi, na nadhani ilifanya vema, kwa kuwa mashine za kusaga hazifanani.

Mwisho wa ugomvi ule uliletwa na ndoa nyingine. American nayo ilifilisika mwaka 2011, na mwezi wa Desemba 2013 ikaunganishwa na US Airways. Chama cha marubani wa American kikachukua usemaji wa wote, na USAPA ikapoteza haki yake. Mwezi wa Juni 2015 mahakama ya rufani, sasa ikiona kuwa wakati umetimia, ilisema wazi kuwa USAPA ilivunja wajibu wake kwa watu wa magharibi. Waamuzi watatu wakakaa tena, wakasikiliza upande wa American, wa mashariki, na wa magharibi. Tarehe 6 Septemba 2016 walitoa orodha ya marubani wapatao 15,000, wakiwa wamechanganya vipimo vyote viwili, kiti na ndege aliyokuwa nayo mtu, na urefu wa utumishi wake.

Mzee alihesabu kwa vidole. "Tangu ndoa ya kwanza, miaka 11."

"Naam, 11."

"Na rubani huko huacha kazi na umri gani?"

Nikamwambia kuwa zamani ilikuwa miaka 60, na tangu Desemba 2007 ni 65. Akaendelea kuhesabu, midomo ikicheza. Kisha akasema, "Basi aliyekuwa na miaka 54 siku ile walipounganishwa, siku orodha ilipotoka alikuwa amekwisha kwenda nyumbani."

"Ndivyo."

"Hata jina lake halimo."

"Halimo, Mzee."

Alifunga kikopo chake cha ugoro, akasimama, akaniambia kuwa kesho mkewe ataka kwenda mashineni mapema. Nikamwuliza, ya juu au ya bondeni? Akasema, ile yenye foleni fupi.